Unatafuta Kazi? Chunga Habari za Afya Yako Mtandaoni

Kijana wa Muleba akimaliza chuo hutuma maombi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, au hupeleka bahasha mkononi kwenye shule na zahanati za Bukoba mjini. Vyeti huvikagua mara tatu. Simu yake haikagui. Naye mwajiri, kabla ya kumwita kwenye usaili, huenda akaandika jina lake Facebook aone ni nani.

Kuhusu picha za ulevi vijana wamekwisha kuonywa. Kinachosahauliwa ni magonjwa. Mtu amelazwa, anapiga picha dripu mkononi na kuiweka stetasi. Jamaa wanachangisha fedha za matibabu kwa kutuma cheti cha daktari katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Nia ni njema. Lakini mmoja akiisambaza karatasi ile, hairudi tena. Mgonjwa amepona, ugonjwa wake bado unasomwa.

Tukumbuke Machi 2023, virusi vya Marburg vilipozuka Bukoba Vijijini. Waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, na mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2. Aliyemaliza siku zake akiwa mzima hakuwa hatari kwa mtu. Lakini kama alijitangaza mtandaoni siku ya pili, kisha akanyamaza, msomaji wa leo asiyetazama tarehe atabaki na hofu.

Sheria ipo upande wa mwombaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU, ulemavu au ujauzito, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Vema. Ila mwajiri asiyekuita usaili hakuandikii sababu. Utamshitaki kwa lipi?

Basi jioni moja jitafute kwa jina lako, kisha ufute karatasi za hospitali. Za ndugu zako pia. Mkichangisha, tajeni kiasi na mweka hazina. Cheti kibaki kwa watu wawili watatu. Picha za kwaya au shambani ziache, zinakusema vizuri.

Anayeishi na VVU akachagua kusema waziwazi hatumwambii anyamaze. Mkoani kwetu, walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza nchini mwaka 1983, sauti kama hizo zimesaidia wengi. Ila aseme mwenyewe, asisemewe na shangazi kwenye kundi la ukoo.