Povu la Sabuni Halitengenezi Tofali

Juzi Mtua, Nachingwea, swali likanifuata tena: "Mwanangu, nikikoroga udongo na sabuni ya unga mpaka ufure, nikauanika juani, si napata tofali jepesi bila tanuru?" Hupati, mama. Nimelijibu hili Ruangwa, nimelijibu Nachingwea mjini. Leo naliandika.

Mama alikuja na tofali lenyewe kwenye kanga. Jepesi kweli, lina vitundu kama mkate wa kumimina. Nikamega kipande, nikakitumbukiza kwenye bilauri ya maji. Viputo vikapanda mfululizo, kona ikaporomoka, na chai yangu haijapoa, bilauri ilishajaa tope.

Jua hufukuza maji yaliyo kati ya chembe; chembe zenyewe haliziunganishi. Ardhi ya Kongwa iliyowavunjia Waingereza zana kwenye mradi wa karanga, ule uliofika hata Nachingwea, ilikuwa udongo uliokaushwa na jua. Ngumu ilikuwa, lakini hakuna aliyeiita kigae.

Na povu? Udongo hukauka kwa siku kadhaa, povu halisubiri. Viputo vikubwa humeza vidogo, maji hushuka, udongo husinyaa na kupasuka. Povu linataka kitu kinachoganda chenyewe kabla halijafa.

Kitu hicho kipo, tena nusu yake anayo fundi sabuni: kostiki na sodiamu silikati. Chukua kaolini, ule udongo mweupe kama wa Pugu, ipashe moto ikiwa unga, nyuzijoto 700 hivi za Selsiasi, kisha uichanganye na hizo mbili: inaganda bila tofali kuingia tanuruni. Mfaransa Joseph Davidovits aliiita geopolima, miaka ya 1970. Tia chembe za unga wa alumini, haidrojeni inatoka, rojo linaumuka kama donge la maandazi, linagandia hapohapo. Mnaona? Dukani mlifika, ila badala ya viambato hivyo mkanunua sabuni ya unga. Lakini msijaribie uani: kostiki hupofusha, haidrojeni hulipuka.

Basi mnataka ukuta? Tofali la kufungamana, udongo na saruji, shindilia kwa mashine, funika, mwagilia wiki nzima. Wepesi? Saruji ya povu, kwa dawa yake maalumu. Jiko? Udongo na pumba za mpunga, choma. Pumba zinaungua, vitundu vinabaki. Chujio la maji hutengenezwa hivyohivyo, ila nunua lililopimwa: tundu likizidi kidogo, vijidudu vinapita.

Na majivu ya maganda ya korosho, maana najua ndilo swali linalofuata: yana potasi, si saruji. Yapelekeni bustanini.