Fahamu: Sola za kufungwa ardhini

Ni nini?
Ni fremu ya chuma au alumini inayobeba paneli za sola uani au shambani badala ya juu ya paa. Hufaa nyumba ya makuti, bati lililochakaa, au paa lililo chini ya mwembe.

Zielekee wapi?
Dodoma, takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, paneli hutazama kaskazini. Kwa hesabu ya jua tu, mwinamo wa digrii 6 ungetosha. Lakini ni bora kufika 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi; paneli iliyolala bapa hukusanya tope ukingoni.

Adui ni upepo
Wengi huhofia uzito, kumbe upepo ndio hung'oa: hupita chini ya paneli na kuziinua. Ndiyo maana nguzo huchimbiwa na kumwagiwa zege, si kuegemezwa kwenye matofali. Pwani, chumvi hula chuma, hivyo chagua kilichopakwa zinki na bolti zisizoshika kutu.

Gharama
Nguzo, zege na waya mrefu huongeza bei, na waya mwembamba hupoteza umeme njiani. Kwa upande wa faida, paneli hupoa vizuri na hufutwa bila ngazi, ingawa mbuzi na wezi nao huzifikia. Kama paa lako ni imara na halina kivuli, funga huko huko juu.