Intaneti ya Bure kwa Maskini: Nani Alipe?

Mwaka wa masomo ukikwisha, wanafunzi waliofanya Egzamini ya Serikali hungojea matokeo yao. Zamani waliyangojea kwa redio. Siku hizi yaja kwa simu: unaandika namba yako, unatuma, inite zinakatwa, unapata jibu. Hapa Musienene nimemwona kijana akizunguka nyumba tatu kuomba inite, apate kujua kama amefaulu. Na akiisha kujua, kazi bado. Akitaka kuingia universite, yampasa kutafuta habari, kuandikisha jina, kutuma karatasi. Na mara nyingi hayo yapita njia ya intaneti. Mwenzake wa Butembo, mwana wa mfanyabiashara, ameyamaliza yote jioni ileile, akiwa amekaa kitini.

Basi watu wauliza: Je, si haki Serikali itoe mali ya kodi, ili maskini nao wapate intaneti bila kulipa? Wengine wajibu upesi: Sivyo! Kwa nini mimi nitoke jasho ili mwingine atazame sinema ndani ya simu? Ulizo hili si la mchezo, wala si la watu wa Ulaya tu. Tulichungue polepole.

Kwanza, mwenye kulipa kodi ni nani? Tukisikia neno hilo, twamfikiri tajiri, mwenye magazini ao kamyo. Lakini mama mwenye kuuza ndizi sokoni hulipa ushuru wa mahali pake. Kodi iitwayo TVA, ambayo katika Kongo ni 16 kwa 100, ilianza mwezi wa kwanza 2012, nayo haimwulizi mtu kama ana mali ao hana. Na katika bei ya inite anazozinunua mna kodi vilevile. Yeye pia ni mlipa kodi, ijapokuwa hakuna aliyemwandikia barua ya kumshukuru.

Tukumbuke jambo la RAM. Mwezi wa tisa 2020 Serikali ilianza kuandikisha simu zote za nchi. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya kutambua simu za uwongo na zile zilizoibiwa. Sababu hiyo yaweza kuwa njema. Lakini malipo je? Mwenye simu ndogo alikatwa dolari 1 kwa mwaka, mwenye simu ya intaneti dolari 7, na fedha zikatolewa ndani ya inite zake. Mtu alinunua inite amwite mtoto wake aliye Goma ao Kampala. Akifungua simu, zimepungua. Raia walipiga kelele, wadeputé wakauliza maulizo katika Bunge la Kinshasa mwaka 2021, na mwezi wa tatu 2022 malipo hayo yakaondolewa.

Wanafunzi wa teolojia watakumbuka mafundisho ya Mtakatifu Thomas juu ya haki ya kugawanya: mizigo na mema ya watu wote hugawanywa kwa kadiri, si sawasawa kama kukata mkate. Dolari 7 kwa mwenye kamyo tatu ni bei ya chakula cha mchana. Kwa mwalimu wa kijiji, mwenye simu ya mitumba, ni sabuni na chumvi za siku nyingi. Kwa hiyo, anayeuliza kwetu kama walipa kodi wawalipie maskini, ameligeuza ulizo miguu juu. Maskini wamekwisha kulipa. Tuulize afadhali: wamepata nini?

Jambo la pili ni neno lenyewe «bure». Hapo tunayo masomo ya karibu sana. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Mwezi wa tisa 2019 neno hilo lilianza kutimizwa. Wazazi walifurahi, na watoto waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia darasani. Mimi siwezi kulihukumu jambo hilo kuwa baya. Lakini madarasa yalijaa mpaka mlangoni, na walimu wengi waliendelea kungojea mshahara wa Serikali, wakati fedha ya wazazi ilikuwa imekatazwa. Kitu cha bure kina mwenye kukilipa. Kama huyo hakuleta fedha, mwalimu ndiye anayelipa, kwa njaa yake.

Hata nchi tajiri zimepatwa na jambo la namna hii. Marekani ilianza mwisho wa 2021 kuzisaidia jamaa maskini kulipa intaneti, dolari 30 kwa mwezi. Zilijiandikisha jamaa karibu milioni 23. Katikati ya 2024 fedha zilikwisha, Bunge lao halikuongeza nyingine, msaada ukakoma. Fedha ilikuwa ikienda kwa makampuni, kulipa deni la kila mwezi. Mwezi ulipokosa fedha, hapakubaki kitu cha kushika kwa mkono.

Jirani zetu wamefwata njia nyingine. Tanzania iliweka mfuko kwa sheria ya mwaka 2006: husaidia makampuni kusimamisha minara katika vijiji ambamo faida haitoshi. Katika Kenya makampuni hutoa sehemu 0.5 kwa 100 ya mapato yao kwa mfuko wa namna hiyo. Mnara hauleti intaneti ya bure, ni kweli, lakini ukisimama, umesimama. Uganda, ambayo wachuuzi wetu huijua kwa njia ya Kasindi, ilifanya kinyume: tangu mwezi wa saba 2018 ilidai shilingi 200 kila siku kwa mtu mwenye kutumia WhatsApp na Facebook. Mwaka 2021 iliacha kodi hiyo, ikaweka nyingine ya 12 kwa 100 juu ya intaneti yenyewe.

Na sisi? Sheria ya tarehe 25 mwezi wa 11, 2020, juu ya simu na intaneti, yataja mfuko wa kuendeleza huduma kwa watu wote. Basi mlango upo. Hatuna haja ya kubuni kodi mpya.

Neno langu ni hili: mali ya watu wote isilipie mega za kila mtu ndani ya simu yake. Ilipie mahali pa watu wote: shule, kituo cha afya, chumba cha kusomea. Hatumjengei kila mtu kisima uani kwake. Twajenga kimoja, kila mtu huja na kibuyu chake. Mwenye kutaka sinema alipe mwenyewe. Papa Pio XI alifundisha mwaka 1931 kwamba kikundi kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo kikundi kidogo chaweza kuifanya. Serikali ilete mnara na nyuzi. Chumba kilindwe na wazazi na walimu wa mahali.

Mtu wa Beni atanijibu kwa uchungu: tangu mwezi wa kumi 2014 twazika watu wetu, na ninyi mwasema intaneti! Amani na barabara kwanza. Sitabishana naye, kama fedha ni moja tu, iende huko. Lakini fedha ya mfuko huu yatoka katika simu, na hata mkimbizi hutafuta kwa simu habari za ndugu zake.

Kuna hatari moja ambayo yanisumbua zaidi. Mwenye kulipa aweza kufunga. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima karibu siku 20. Wakati huo Ebola ilikuwa ikiua watu Butembo na Katwa. Kama shule na vituo vya afya vyote vyategemea mkono mmoja, mkono huo ukikunja ngumi, vyote vyafungwa pamoja. Kwa sababu hiyo sheria iseme wazi kwamba kituo cha afya hakikatiwi.

Yabaki maulizo madogo, ambayo mara nyingi ndiyo huangusha kazi: nani ashike ufunguo wa chumba, wasichana wawe na saa zao ao wachanganywe na wavulana wenye kusukumana, hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi ao kila robo ya mwaka. Na betri za umeme wa jua, ambazo huchoka baada ya miaka michache: fedha yake iwekwe tangu siku ya kwanza, ao tutakuwa na chumba kizuri chenye mashini zilizokufa.