Picha Imeinama: Ni Stailo ama Ulijikwaa?

Desemba iliyopita niliitwa kupiga picha za ruracio huko Kiambu. Nikapewa nusu ya doo mapema. Shida ni kwamba hiyo wiki nzima nilikuwa nimekesha nikiangalia mapicha za majuu, zile kamera imelala upande, nikasema leo watanijua. Wasee, niliinamisha kila kitu. Tenti, wazee, sufuria za pilau, hadi maombi. Nikituma picha, mama ya dem akanipigia: "Kijana, hii nyumba yangu ilianza kuanguka lini?"

Ile nusu ingine sijaiona mpaka leo. Na sina kinyongo naye, juu baadaye nilikuja kuelewa venye alikuwa sahihi.

Kwanza tuelewane. Kuinamisha kamera si kuielekeza juu ama chini. Ni kuizungusha kama usukani, ndio mstari wa ardhi ukate fremu ukiwa umelala. Macho yetu yamezoea ardhi ikiwa sawa na ukuta ukiwa wima. Ukiharibu hiyo, mtu anashtuka kidogo kabla hata ajue ni nini ameona. Anahisi kuna ngori mahali.

Watu wa muvi wamejua hii kitambo. Wanaiita Dutch angle, na haihusu Uholanzi. Inasimuliwa kwamba ni neno Deutsch, yaani Kijerumani, liligeuzwa na watu wa Kizungu cha Uingereza. Muvi yenye inatajwa sana ni The Third Man ya 1949, ya director Carol Reed. Iko Vienna baada ya vita, mji umegawanywa na majeshi ya nchi 4, jamaa anafika kutafuta beshte yake anaambiwa amekufa, na kila mtu anamficha kitu. Kamera imeinama karibu kila saa, na inaingia vizuri juu huko hakuna mtu wa kuaminika. Robert Krasker, aliyeshika kamera, alibeba Oscar. Lakini director mwenzake Reed, William Wyler, alimtumia pimamaji, ile ya mafundi wa mjengo, amwambie next time aweke juu ya kamera. Hata mabingwa walichekwa.

Sasa rudi kwa ruracio. Watu wametulia, wamependeza, mimi nawapiga picha inayosema kuna kitu kinaenda kuharibika. Huyo mama alisoma picha zangu kuniliko.

Mahali hii kitu inabamba ni penye kuna mwendo ama vurugu. Nganya ndio mfano poa. Mat imesimama stage, pua ikiangalia kulia, ni kama picha ya kitambulisho. Zungusha simu hadi pua iangalie kona ya chini ya fremu, ghafla inakaa inakuja kwako ikishuka mlima. Igeuze pua iende kona ya juu, inakaa inapaa. Gari ni lile lile, halijasonga hata inchi. Na makanga akining'inia mlangoni, hapo ndio usiseme. (Simama kando ya barabara, manze, si kati. Hakuna like inalipa hospitali.)

Ya pili ni vitu ndefu. Simama chini ya KICC na simu: ama unakata kichwa, ama unarudi nyuma mpaka ugonge msee wa njugu. Kumbuka Pythagoras, ile uliilalia darasani. Picha ya kawaida ya simu ni 3 kwa 4, na kutoka kona hadi kona ni 5. Ukilaza jengo kwa hiyo mstari wa kona, umepata robo zaidi ya urefu bila kurudi nyuma hatua moja. Inasaidia kama kitu ni nyembamba. Jengo nono halikubali.

Halafu inamisha kwa kumaanisha. Digrii 2 ama 3 inakaa ulikuwa umechoka. Mimi naanzia kama 15, na nikipita 45 najua nimeanza kujionyesha. Washa gridi kwa kamera ya simu, inakuonyesha umelala kiasi gani. Ukipiga mtu, mwambie aegemee upande kidogo ndio mwili wake ukae wima ndani ya fremu na nyuma yake ndio ikae imelala. Hapo anakaa ameshikilia dunia ikipinduka. Asipoegemea, anakaa anateleza.

Bahari ukiilaza, maji inakaa inamwagika. Picha za watu wengi wamejipanga, wacha kabisa. Keja ya kupangisha pia, labda hutaki mpangaji.

Na kila saa piga moja iliyonyooka kwanza. Hiyo ndio ingeniokoa. Usiku wa ile simu nilijaribu kunyoosha zile picha kwa programu, lakini ukizungusha picha lazima kona zikatwe, na kwa kona ndio wazee walikuwa wamekaa. Guka mmoja alibaki na kofia na sikio. Hizo sikutuma.