Kwa Nini Kupatwa kwa Nyota Jozi Huwahi au Huchelewa

Nyota jozi ni nyota mbili zinazozungukana kwa sababu ya nguvu ya uvutano kati yake. Obiti yake ikiwa imelala usawa wa macho yetu, nyota moja hupita mbele ya nyingine na kuziba mwanga wake. Hapo tunasema nyota imepatwa. Mfano ni Algol, katika kundi la Perseus, ambayo hufifia kila baada ya siku 2.87 hivi. Mwingereza John Goodricke alitangaza kipindi hicho mwaka 1783.

Ukijua kipindi, unaweza kukokotoa saa ya kupatwa kunakofuata. Hata hivyo, vipimo vya miaka mingi huonesha kuwa kupatwa huwahi au huchelewa. Zifahamu sababu mbili.

1. Umbali unaosafiriwa na mwanga hubadilika

Algol ina nyota ya tatu, inayoizunguka jozi kwa takriban siku 680. Nyota hiyo huivuta jozi, nayo jozi huzunguka kitovu cha tungamo cha mfumo mzima. Hivyo mara husogea mbali nasi, mara hutukaribia. Chukulia kuwa jozi fulani imesogea mbali kwa mita 3 × 10¹⁰. Mwendokasi wa mwanga ni 3 × 10⁸ m/s.

Muda = umbali ÷ mwendokasi
= (3 × 10¹⁰) ÷ (3 × 10⁸)
= sekunde 100

Nyota hazikuchelewa kupatwa. Ni mwanga uliochelewa kutufikia.

2. Kipindi chenyewe hubadilika

Nyota zikiwa karibu sana, gesi ya moja humiminikia nyingine. Katika Beta Lyrae, yenye kipindi cha siku 13 hivi, nyota yenye tungamo dogo huipa gesi ile yenye tungamo kubwa. Matokeo yake nyota huachana zaidi, obiti hupanuka na mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi. Kipindi chake huongezeka kwa takriban sekunde 19 kila mwaka.

Utazitofautishaje?

Chukua muda uliopimwa, toa muda uliokokotolewa, kisha chora grafu ya tofauti hiyo dhidi ya miaka. Grafu ikipanda na kushuka kama wimbi linalojirudia, shuku nyota ya tatu. Ikizidi kupinda upande mmoja, shuku uhamaji wa gesi.

Zingatia: Wengi hupoteza alama hapa. Sekunde 19 ni ongezeko la kipindi, si jumla ya kuchelewa. Kila mzunguko huongeza kuchelewa kwake juu ya kule kwa mizunguko iliyotangulia, ndiyo maana grafu hupinda badala ya kunyooka.

Jipime: Jozi imesogea mbali nasi kwa mita 4.5 × 10¹⁰. Kupatwa kutaonekana kumechelewa kwa muda gani? (Jibu: sekunde 150)