Seva za Muziki na Uthabiti wa Mtandao wa Nyumbani: Mahali Sauti Inapopotea na Mahali Isipopotea

Ikisiri

Seva ya muziki ni kompyuta inayohifadhi faili za sauti na kuzipeleka, kupitia mtandao wa nyumbani, hadi kwenye kifaa kinachozigeuza kuwa sauti. Wapenzi wa usikilizaji wa kiwango cha juu hutumia fedha nyingi kununua seva, swichi na kebo zinazodaiwa kuboresha sauti hiyo. Makala hii inafafanua safari ya muziki wa kidijitali kutoka kwenye diski hadi kwenye spika. Inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo huelekezwa mahali ambapo sauti haiharibiki, ilhali hatari za kweli, yaani kukatika kwa mkondo, kufa kwa diski na kufungwa kwa huduma za mbali, huachwa bila kinga. Mwishoni, hoja hizo zinahusishwa na hifadhi za sauti za Afrika Mashariki na Kati, ambako uamuzi wa mahali pa kuweka fedha chache zilizopo una uzito zaidi kuliko sebuleni.

1.0 Utangulizi

Kuanzia mwaka 1982, kampuni za Philips na Sony zilipoingiza CD sokoni, muziki wa nyumbani ulianza kuhifadhiwa kwa tarakimu badala ya mifereji ya santuri au sumaku ya utepe. Hata hivyo, kwa takriban miaka ishirini msikilizaji aliendelea kushika mkononi kitu kimoja chenye nyimbo zake. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja pale nyimbo zilipohamia kwenye kompyuta. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, ilitoa kifaa kiitwacho SliMP3. Kifaa hicho hakikuwa na hifadhi ya nyimbo ndani yake. Kilipokea muziki kupitia kebo ya mtandao kutoka kwenye kompyuta iliyoweza kuwa chumba kingine. Mgawanyo huo wa kazi, seva upande mmoja na kicheza-muziki upande wa pili, ndio msingi wa mifumo mingi ya leo, ya bei nafuu na ya bei ghali.

Mgawanyo huo ulizua swali jipya. Zamani ubora wa sauti ulitegemea sindano, utepe, amplifaya na spika. Sasa, kati ya wimbo na sikio kuna diski, programu, ruta, swichi na kebo. Je, kila kimojawapo kinaweza kuharibu sauti? Soko limejibu kuwa ndiyo, na limejaa swichi na kebo za mtandao ambazo bei yake huzidi mara nyingi bei ya vifaa vya kawaida vya ofisini. Jibu la kitaalamu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: ubora wa sauti inayosikika, na uthabiti wa mfumo unaoileta.

2.0 Kiasi cha Data Kinachosafirishwa

CD huhifadhi sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16. Kwa chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, jumla ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Rekodi zinazouzwa kuwa za ubora wa juu, zenye biti 24 na sampuli 192,000, huhitaji biti 9,216,000 kwa sekunde. Kebo ya kawaida ya Ethaneti, hata katika kiwango chake cha zamani cha megabiti 100 kwa sekunde, hubeba mzigo huo bila taabu: muziki wa CD hutumia chini ya asilimia 2 ya uwezo wake, na rekodi hizo kubwa chini ya asilimia 10. Ethaneti ya gigabiti, iliyoenea majumbani leo, ina uwezo mara kumi ya huo.

Mzigo hupunguzwa zaidi na mifumo ya ubanaji. FLAC, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitolewa mwaka 2001, hubana faili za muziki hadi takriban nusu au asilimia 60 ya ukubwa wake, na faili inapofunguliwa kila biti hurudi kama ilivyokuwa. Jambo hili huitofautisha na MP3, ambayo hutupa kabisa sehemu ya data. Kwa hiyo, uhaba wa nafasi mtandaoni si sababu ya kawaida ya matatizo katika nyumba yenye kebo nzuri.

3.0 Pakiti, Akiba na Saa

Faili ya muziki haisafiri kama maji katika bomba. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila fremu ya Ethaneti hubeba tarakimu ya ukaguzi yenye biti 32; fremu iliyoharibika njiani hugunduliwa na kutupwa. Juu ya Ethaneti kuna itifaki ya TCP, ambayo msingi wake uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika makala yao ya mwaka 1974. TCP huhesabu kilichotumwa, husubiri uthibitisho wa mpokeaji, na hutuma tena kilichopotea. Kwa hiyo faili hufika ama ikiwa kamili, ama ikiwa imechelewa, ama isifike kabisa. Haiwezi kufika ikiwa na besi iliyopungua au sauti ya mwimbaji iliyokauka, kwa sababu kosa la biti halina tabia ya kuchagua ala.

Kuchelewa nako kumewekewa dawa. Kicheza-muziki hujaza akiba ya data kabla ya kuanza kupiga wimbo. Sekunde kumi za muziki wa CD zinahitaji megabaiti 1.8 tu za kumbukumbu. Akiba hiyo hufanya kazi ya tangi la maji lililo juu ya nyumba: maji ya mtaani huja kwa vipindi, mara kwa nguvu, mara kwa udhaifu, lakini bomba la jikoni hutiririka vilevile maadamu tangi halijakauka. Likikauka, maji hukatika; hayageuki ladha.

Kinachobaki ni saa. Kigeuzi kinachobadili tarakimu kuwa mawimbi ya umeme hulazimika kutoa sampuli moja kila baada ya takriban maikrosekunde 22.7, na mtikisiko katika saa hiyo unaweza kweli kuathiri sauti. Lakini saa hiyo imo ndani ya kigeuzi, baada ya akiba, si katika swichi wala ruta. Katika muunganisho wa USB usiofuata saa ya kompyuta, kigeuzi ndicho kinachoamuru kasi ya data. Katika muunganisho wa S/PDIF, ambapo saa husafiri pamoja na ishara, ubora wa mtumaji una umuhimu zaidi. Msikilizaji anayetaka kuboresha saa ana sababu ya kukichunguza kigeuzi chake. Hana sababu kama hiyo ya kubadilisha swichi.

Tahadhari moja inahitajika. Si kila mfumo hutumia TCP. Matangazo ya moja kwa moja na baadhi ya mifumo inayopiga muziki katika vyumba vingi kwa wakati mmoja hutumia UDP, ambayo yenyewe haitumi tena pakiti iliyopotea. Hata hapo, upotevu husikika kama mlio wa ghafla au kimya kifupi, na si kama mabadiliko ya rangi ya sauti.

4.0 Hoja ya Kelele na Ushahidi wa Masikio

Watetezi wa kebo za bei ghali hujibu kwamba tatizo si biti bali kelele ya umeme inayosafiri pamoja nazo. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa saketi ya analogia iliyo ndani ya kigeuzi inaweza kuathiriwa na kelele. Hata hivyo, viwango vya Ethaneti tayari vinaitambua hatari hiyo: miunganisho ya kebo ya shaba hupitia transfoma ndogo zinazotenga vifaa viwili, na utenganisho huo hutakiwa kustahimili volti 1,500. Kebo zenye ngao ya chuma, ambazo huuzwa kuwa bora zaidi, zinaweza kinyume chake kuunganisha maungo ya vifaa viwili na kufungua njia ya mngurumo. Anayetaka utenganisho kamili wa umeme anaweza kutumia kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme hata kidogo.

Kuhusu masikio yenyewe, utafiti uliopo unafundisha unyenyekevu. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio ambayo wasikilizaji walitakiwa kutambua kama rekodi ya ubora wa juu imepitishwa katika kiwango cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 na kupata kwamba tofauti ilitambulika kwa kiwango kidogo, takriban asilimia 52, na kwamba wasikilizaji waliofunzwa walifanya vizuri zaidi. Matokeo hayo mawili hayagombani sana: tofauti, kama ipo, ni ndogo. Tafiti hizo zilihusu data iliyobadilika kweli. Kwa kebo isiyobadilisha biti hata moja, mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai tofauti, na ushahidi wenyewe sharti utokane na majaribio ambayo msikilizaji hajui kinachopigwa. Macho yakishaijua bei, masikio huwa mashahidi dhaifu.

5.0 Mahali Mfumo Unapovunjika

5.1 Hewani

Kukatika kwa muziki majumbani hutokana mara nyingi na Wi-Fi. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zinazotumika kwa kawaida bila kuingiliana, yaani 1, 6 na 11, nazo hugawanwa na majirani, vifaa vya Bluetooth na hata jiko la maikrowevu. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida zaidi. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ruta iliyo sebuleni inaweza isifike kabisa chumba cha pili. Aidha, seva na kicheza-muziki vikiunganishwa vyote kwa Wi-Fi, kila pakiti hupita hewani mara mbili. Kuiunganisha seva na ruta kwa kebo ya kawaida huondoa nusu ya tatizo. Kuunganisha vyote viwili kwa kebo huliondoa lote.

5.2 Umeme na diski

Umeme unapokatika wakati seva inaandika, faharasa ya nyimbo au mfumo mzima wa faili unaweza kuharibika. Kifaa cha UPS kinachoipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu ni kinga ya kweli, kuliko kebo yoyote ya umeme ya kifahari. Diski nazo hufa. Saa moja ya muziki wa CD ni takriban megabaiti 635, na baada ya kubanwa kwa FLAC, mkusanyiko wa albamu elfu moja na zaidi huenea katika diski moja ya terabaiti 1. Urahisi huo ndio hatari yake: kazi ya miaka mingi hukaa katika kifaa kimoja. Diski mbili zinazoakisiana hulinda dhidi ya kifo cha diski moja, lakini hazilindi dhidi ya ufutaji wa bahati mbaya, wizi, radi au moto. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. FLAC huongeza faida nyingine, kwani kila faili inaweza kubeba alama ya ukaguzi ya sauti yake, na uharibifu wa kimyakimya ukagunduliwa kabla haujanakiliwa kwenye nakala zote.

5.3 Huduma za mbali

Hatari ya tatu haimo nyumbani. Slim Devices ilinunuliwa na Logitech mwaka 2006. Utengenezaji wa vifaa vyake vya Squeezebox ukasitishwa mwaka 2012, na mwaka 2024 huduma yake ya mtandaoni ikafungwa. Pamoja na hayo, vifaa hivyo vinaendelea kupiga muziki, kwa sababu programu ya seva ilikuwa na msimbo huria na jamii ya watumiaji inaiendeleza. Kinyume chake ni Myspace, ambayo mwaka 2019 ilikiri kwamba muziki uliopakiwa na watumiaji hadi mwaka 2015 ulipotea katika zoezi la kuhamisha seva. Wasanii waliokuwa wameitegemea kama ghala pekee walipoteza kazi zao. Mfumo mmoja ulikuwa wa sebuleni na mwingine wa kampuni kubwa. Uliodumu ni ule ambao mmiliki angeweza kuuendesha mwenyewe.

6.0 Funzo kwa Hifadhi za Sauti

Hoja hizi zina uzito wa pekee kwa taasisi. Rekodi ambazo Klaus Wachsmann alizifanya nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikaa Uingereza kwa miongo mingi kabla nakala zake za kidijitali hazijarejeshwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Nakala kama hizo, zikishafika, huishi katika seva isiyotofautiana sana kimsingi na ile ya nyumbani, na hukabiliwa na maadui walewale.

Mwongozo wa TC-04 wa jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, unataka utepe unakiliwe kwa angalau kilohezi 48 na biti 24, na unapendekeza kilohezi 96. Kwa kiwango hicho cha juu, saa moja ya chaneli mbili ni takriban gigabaiti 2.1, saa elfu moja ni terabaiti 2.1, na nakala tatu ni terabaiti 6.3. Kiasi hicho huenea katika diski chache. Gharama kubwa, basi, si nafasi, bali ni mtaalamu wa kunakili, umeme wa uhakika, ukaguzi wa mara kwa mara na ubadilishaji wa diski kabla hazijafa. Bajeti inayonunua seva ya kifahari mara moja bila fungu la kila mwaka la matunzo imeanza kuipoteza hifadhi siku ileile ya uzinduzi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mtandao ulio mzima haubadilishi sauti, na kwamba mtandao mbovu huikatiza sauti badala ya kuipunguzia uzuri. Kwa msikilizaji wa nyumbani, mpangilio wa matumizi unaofaa ni spika na chumba kwanza, kisha kigeuzi, kisha kebo za kawaida zilizofungwa vizuri, UPS na nakala za akiba. Kwa washauri wa sera, mapendekezo ni matatu: miradi ya unakilishaji itumie miundo ya faili na programu zenye msimbo huria; nakala moja walau ikae nje ya jengo; na kila ruzuku ya vifaa iambatane na fungu la matunzo. Muziki uliookoka katika utepe kwa nusu karne haustahili kupotea ndani ya diski kwa miaka mitano.