Akaunti, wasifu na hifadhi katika kompyuta za shule

Maneno akaunti, wasifu na hifadhi huchanganywa mara nyingi katika miongozo ya maabara za kompyuta. Athari za mkanganyiko huo haziishii kwenye lugha. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "akaunti yake inatunza kazi" aweza kuandika insha leo katika kompyuta moja, kisha akaikosa kesho akiketi mbele ya nyingine.

Akaunti ni utambulisho wa mtumiaji, yaani jina na nywila ambavyo seva huvikagua kabla ya kumruhusu kuingia. Huonyesha mtumiaji ni nani na ameruhusiwa kufanya nini. Insha haimo ndani yake.

Wasifu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na lina mzizi mmoja na sifa. Maana yake ya kawaida ni maelezo ya maisha ya mtu. Ndiyo maana habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na yeye mwenyewe huitwa tawasifu. Katika kompyuta, wasifu wa mtumiaji ni jumla ya mipangilio yake, kama vile picha ya skrini na alamisho za kivinjari, pamoja na folda zake binafsi. Katika Windows, wasifu huwekwa ndani ya folda iitwayo Users kwenye diski ya kompyuta husika. Kwa hiyo wasifu wa kawaida haumfuati mwenyewe anapohamia kompyuta nyingine.

Shule huweza kuutunza wasifu kwenye seva ili uhame na mwanafunzi. Anapoingia, hunakiliwa kwenye kompyuta aliyoketi; anapotoka, mabadiliko hurudishwa kwenye seva. Kasoro yake ni uzito: darasa zima lenye video kubwa kwenye wasifu likiingia kwa pamoja, mtandao huelemewa. Aidha, anayechomoa waya wa umeme badala ya kutoka huzuia mabadiliko yasirudishwe. Kutoka na kuzima, basi, si visawe.

Upo pia wasifu usiobadilika, unaotengenezwa kwa kulipa faili la Ntuser.dat jina jipya, Ntuser.man. Kila mwanafunzi huanza na mpangilio uleule, na mabadiliko yake katika wasifu hayadumu baada ya kutoka.

Hifadhi ya mtandao ni nafasi ya faili kwenye seva. Folda ya nyaraka ikielekezwa huko, faili halibebwi kila mtumiaji anapoingia, bali husomwa na kuandikwa palepale kwenye seva. Msimamizi aweza kuweka kikomo cha nafasi kwa kila mtumiaji na kutengeneza nakala rudufu mahali pamoja. Hata hivyo, seva ikizimika, faili huenda zisifikike hadi iwake tena. Mpango unaofaa shule nyingi ni kuufanya wasifu uwe mwepesi na kuziweka kazi zenyewe katika hifadhi ya mtandao.

Kwa mfasiri na mwalimu, funzo ni moja: kitenzi hifadhi kitajiwe mahali. Agizo "Hifadhi kazi yako" halijakamilika. "Hifadhi insha kwenye folda yako iliyo katika seva, kisha utoke" humwonyesha mwanafunzi mahali atakapoikuta kesho.